Masikio ya Fatima

Baba amefariki, na Fatima hajui amlilie vipi mtu aliyekuwa mbali naye hata alipokuwa hai. Huo ndio mzigo ambao mwongozaji Amil Shivji anamtwisha msichana wake katika T-Junction, filamu iliyofungua Tamasha la Nchi za Jahazi kule Zanzibar mwezi Julai 2017. Marehemu alikuwa Mhindi, binti ni chotara, mji ni Dar es Salaam. Hospitalini Fatima anakutana na Maria, msichana ambaye naye yamemsibu ya kwake. Maria anaanza kumsimulia habari za njia panda moja: watu walioifanya kuwa kwao, walivyoshikana, na yaliyowafika. Fatima anasikiliza.

Mtazamaji aliyekwenda kutafuta ngumi atasema hakuna kilichotokea. Kumbe limetokea jambo kubwa. Binti aliyeshindwa na msiba wa nyumbani kwake anaanza kuujua uchungu kupitia uchungu wa mwenzake. Anakua kwa masikio. Ukiitazama filamu hii pamoja na nyingine za ukanda wetu zinazomfuata mtoto hadi ukubwani, utaona jambo hilo likijirudia: kwetu rafiki ndiye mwalimu wa ukubwa, na somo lake hulitoa kwa mdomo.

Ng'ambo mambo huenda vingine. Mwaka 1959 Mfaransa François Truffaut alitoa Les Quatre Cents Coups, habari za Antoine Doinel, mvulana wa Paris anayeishia kwenye kituo cha kurekebisha watoto. Rafiki yake René anapanda baiskeli kwenda kumtazama, anazuiwa mlangoni, anageuza. Baadaye Antoine anatoroka, anakimbia peke yake mpaka ufukweni, na filamu inakwisha akiwa ametukodolea macho. Mwaka 1986 Mmarekani Rob Reiner akaja na Stand by Me, iliyotokana na hadithi ya Stephen King: wavulana wanne wanafuata reli kwenda kuona maiti ya mtoto wa rika lao. Anayetusimulia ni mmoja wao, sasa mtu mzima na mwandishi, na urafiki wenyewe umekwisha kitambo. Filamu zote mbili nazipenda, ile ya Truffaut zaidi. Lakini zote mbili zinakubaliana kwamba rafiki sharti abaki nyuma ndipo mtu apate ukubwa. Anayekua huondoka, na akiwa na bahati atamkumbuka mwenzake kwa maandishi.

Sasa mtazame Gloria. Katika Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair ya mwaka 2016 iliyotokana na maisha ya bingwa wa sataranji Phiona Mutesi wa Kampala, anayemwonyesha Phiona mchezo siku za mwanzo ni mtoto mdogo kuliko yeye. Kocha Robert Katende yupo, na ni mwalimu kwelikweli. Hata hivyo, anayekaa na Phiona chini na kumweleza kwamba kete ndogo kuliko zote ikivuka ubao mzima huweza kugeuka malkia ni Gloria, tena kwa ile sauti ya mtoto anayejua kwamba leo yeye ndiye mkubwa. Filamu ingeweza kumpa kocha maneno hayo, maana ndivyo filamu za michezo zilivyozoea. Yakitoka kwa Gloria yana uzito mwingine: yanasemwa na kete ndogo yenyewe.

Au mchukue yule kijana mpiga kiwi katika Shoeshine, filamu fupi ya Shivji ya mwaka 2013. Kazi yake ni kuinama. Juu ya kichwa chake wateja wanapita na mazungumzo yao ya siasa, pesa na maisha, na yeye huku chini anapiga brashi na kuokota. Hana rafiki wa rika lake katika masimulizi hayo, kwa hiyo kona nzima ya mtaa inashika nafasi ya rafiki. Naamini Shivji aliipata T-Junction pale: alimwinua yule mtoto kutoka miguuni pa watu, akamketisha kando ya kitanda, akampa mtu mmoja wa kumsikiliza badala ya ishirini.

Supa Modo ya Mkenya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Berlin mwaka 2018, inaupindua mpango huo. Jo ana miaka tisa, anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na ugonjwa wake hauna tiba. Mtoto huyu hataufikia ukubwa, na filamu haitudanganyi. Anayelazimika kukua ni dada yake Mwix, na pamoja naye kijiji kizima kinachoamua kumtengenezea Jo filamu yake mwenyewe. Hapo mdogo anawafundisha wakubwa namna ya kuaga.

Kwa nini kwetu kukua kupitie sikioni? Sehemu ya jibu iko kwenye namna tulivyojifunza kutazama filamu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Mtoto wa Dar es Salaam wa miaka ile, wa Jangwani, Magomeni au Kariakoo, aliipata filamu kwenye kibanda cha video, amebanana na wenzake kwenye benchi, na mara nyingi filamu hiyo haikuja peke yake. Ilikuja na mtu wa kuisimulia. Derek Mukandala, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kazi hiyo: filamu ya Hong Kong, India au Marekani inaendelea, na yeye juu yake anaeleza, anatania, anaongeza methali, anamkaripia adui, anamwonea huruma mama wa shujaa. Uganda wana wasimuliaji wao wa namna hiyo na Kenya wana DJ Afro wao. Kwa kizazi hicho picha ilikuwa nusu ya filamu. Nusu ya pili ilikuwa sauti ya mtu anayejua zaidi yako, aliyeketi karibu nawe. Ukimletea mtazamaji wa namna hiyo hadithi ya msichana anayesimuliwa na mwenzake, umemrudisha kwenye benchi lake.

Sehemu nyingine ya jibu ni ya zamani zaidi. Wazaramo, wenyeji wa mji huu, walimweka mwali ndani akafundwa, na kando yake alikuwa na somo wake, mtu aliyepewa dhamana ya kumwambia yale ambayo mama mzazi huona haya kuyasema. Wavulana walikwenda jandoni kwa kundi, na walioingia pamoja waliitana ndugu mpaka uzeeni. Sisemi turudi huko. Mengine yaliyofundishwa humo ni ya kuachwa huko huko. Ila mpangilio wenyewe ndio huu tunaouona kwa Fatima na Maria: mmoja ametulia mahali pamoja, mwingine anajua, na baina yao kuna maneno.

Kisha kuna nyumba. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, ile iliyojengwa kwa mamia kabla ya maghorofa kuimeza mitaa, ilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma wenye choo, bafu na mahali pa kupikia. Kila chumba familia yake, au mpangaji wake. Watoto walitandikiwa mkeka mmoja ukumbini, na ugomvi wa chumba cha tatu ulisikika mpaka chumba cha sita. Mtoto wa ua ule hakuhitaji mtu wa kumweleza ndoa ni nini, deni ni nini au kufiwa kukoje. Aliyasikia yote kabla hajaota meno ya ukubwani. Rafiki yake alikuwa yule waliyesikia pamoja. Ndiyo maana naona ugumu kuamini filamu za Bongo zinazowaweka watoto wawili kwenye sebule ya makochi ya ngozi, mageti yamefungwa, halafu zinatuambia hao ni marafiki wa kufa na kuzikana. Wamesikia nini pamoja?

Ukitoka Kariakoo kwenda mjini unakutana na Mnazi Mmoja. Leo watu wanauvuka uwanja huo bila kufikiri, lakini chini ya Waingereza uliachwa wazi kwa makusudi, kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na Wahindi wa upande wa pili. Mji uligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, shule zikagawanywa hivyo hivyo, na hata baada ya Uhuru ile mipaka ya barabarani ilikawia kutoka vichwani. Watoto wa pande hizo mbili walikutana zaidi kwenye giza la sinema kuliko kwenye mchanga wa kuchezea. Wahindi ndio waliomiliki nyingi ya zile sinema za mjini, na wateja walikuwa wa kila rangi. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa kupita kiasi katika pwani hii. Na Awara ni hadithi ya nini? Ya Raj na Rita, marafiki wa darasa moja, mmoja maskini na mwingine wa nyumba kubwa, wanaotenganishwa wangali wadogo na kukutana tena ukubwani, mvulana ameshakuwa mwizi na msichana mwanasheria. Mji uliokatazwa kuchanganya watoto wake ulilipa kiingilio kwenda kuwatazama watoto waliotenganishwa.

Fatima ni mtoto wa pande zote mbili za Mnazi Mmoja, na kwa hiyo Maria anapomsimulia habari za njia panda anampa kitu ambacho baba hakumpa. Anampa nusu ya mji. Mkasa wa watu wa barabarani unaeleweka upesi kwa yeyote anayeijua Kariakoo, ambako meza ya machinga leo ipo na kesho imeondolewa. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya mwaka 2018 vililipiwa shilingi 20,000 na kuonekana kama ulinzi. Miaka mitatu baadaye wamachinga walikuwa wakiondolewa tena kwenye hifadhi za barabara. Kijiwe kikivunjwa hupotea wateja, na hupotea pia wale watu waliokuwa wakijua jana umelala wapi na mtoto wako anaumwa nini.

Shivji aliendelea na habari ya rafiki anayefundisha katika Vuta N'Kuvute, filamu ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, na ambayo Tanzania iliipeleka kuwania tuzo za Oscar mwaka uliofuata. Waliosoma kidato cha tano na cha sita wanaikumbuka riwaya hiyo, wengine kwa mapenzi na wengine kwa mitihani. Yasmin, binti wa Kihindi wa Zanzibar, anaozwa kwa mwanamume mwenye umri wa kumzaa. Anakimbia ndoa hiyo na kupata hifadhi katika mtaa wa Ng'ambo, kwa rafiki yake Mwajuma. Mabango ya filamu yanamweka mbele Denge, mwanaharakati anayepigania uhuru, na mapenzi yake na Yasmin. Mimi namtazama zaidi Mwajuma, anayechezwa na mwimbaji Siti Amina. Denge anamfundisha Yasmin siasa. Mwajuma anamfundisha kulala chumba kimoja na mtu, kula alichopata, kutoka usiku, kuimba, kutowaogopa majirani. Bila Mwajuma hotuba za Denge zingemkuta Yasmin hana pa kuzisikilizia. Laiti mwongozaji angempa Mwajuma dakika zaidi. Kila anapotoka kwenye picha filamu inakuwa nzuri kwa macho na baridi kwa moyo.

Hapo ndipo sina budi kumkwaruza kidogo mwongozaji ninayemheshimu. Mara mbili ametupa msichana mwenye damu ya Kihindi anayekua, na mara mbili anayemkuza ni msichana wa Kiafrika ambaye tayari ameshakuwa mtu mzima kabla hatujamkuta. Maria anasimulia, Fatima anabadilika. Mwajuma anafungua mlango, Yasmin anabadilika. Shivji mwenyewe ni mtoto wa Profesa Issa Shivji, mwanasheria aliyeandika miaka mingi juu ya matabaka na wavuja jasho, na ni haki yake kuanzia pale alipo. Lakini msimuliaji naye ana umri. Maria naye ni binti. Nani alimsimulia yeye?

Lawama hii haimhusu Shivji peke yake, wala haihusu rangi tu. Filamu ya kukua inahitaji utoto wa kupoteza, na si kila mtoto amepewa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Katika nyumba ngapi za jiji hili anayewaandaa watoto kwenda shule asubuhi, akawafunga kamba za viatu na kuwabebea mikoba hadi kwenye basi, ni msichana aliyewazidi miaka michache tu, aliyeletwa kutoka bara akiwa na mfuko mmoja wa nguo? Watoto wa nyumba humwita dada. Usiku ndiye anayewasimulia hadithi za kwao, za fisi na sungura, mpaka wasinzie. Wao watakua na kumkumbuka. Sinema yetu imemjua dada huyo kama mchekeshaji, kama mwizi wa mume wa mtu, au kama mtu wa kuleta juisi kwenye trei. Anajua hadithi kuliko wote waliomo kwenye fremu, na kamera inamwacha jikoni.

Jangwani yenyewe inadai filamu itakayomtazama msimuliaji, na mazingira yake yapo tayari. Upande mmoja Kariakoo, upande wa pili Magomeni, katikati bonde la Mto Msimbazi. Hapo ndipo makao makuu ya Yanga, klabu ya mpira iliyoanzishwa mwaka 1935, na hapo ndipo viwanja ambako watoto wamecheza mpira na vyama vya siasa vimehutubia. Mvua ikizidi, mto unadai bonde lake, na jengo la klabu, barabara na nyumba vyote huingia majini bila kuulizwa ni vya nani. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 katika Dar es Salaam. Serikali iliwapa waathirika wa mabondeni viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji, upande wa Bunju. Wengine walikwenda, wengine walibaki, wengine walikwenda na kurudi kwa sababu riziki yao ilikuwa Kariakoo. Desemba 2015 ikaja bomoabomoa, na alama ya X nyekundu ukutani. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde, pamoja na daraja jipya la Jangwani na bustani ya jiji mahali palipokuwa na makazi.

Marafiki wa Stand by Me walitenganishwa na kumalizika kwa likizo. Septemba ilipofika kila mmoja akashika njia yake. Marafiki wa Jangwani wametenganishwa na maji, na greda, na orodha ya majina ya wanaostahili kiwanja. Mwenye nyumba alikuwa kwenye orodha, mpangaji je? Watoto wawili wa ua mmoja waliweza kupata mustakabali wa aina mbili kwa sababu baba wa mmoja alikuwa na karatasi na baba wa mwingine alikuwa akilipa kodi ya miezi mitatu mitatu. Mwandishi wa filamu hahitaji kubuni adui.

Ningependa watoto hao wawe wasichana, umri wa miaka 12 hivi, umri ambao urafiki bado una nguvu kuliko haya. Mmoja abaki Magomeni kwa shangazi yake. Mwingine apakiwe kwenye lori na vyombo vya nyumbani kwenda Mabwepande, akafikie kwenye hema. Miezi ipite. Siku moja yule wa Magomeni afunge safari, daladala hadi daladala, amkute mwenzake, waketi, na aliyehama asimulie: usiku wa maji, juu ya paa, nani alivutwa na nani hakuvutwa. Hadi hapo ni T-Junction, na Lufufu angeielewa bila kuongeza neno. Ila mgeni akishaondoka na basi la jioni, kamera isimfuate. Ibaki na msimuliaji. Impeleke asubuhi ya pili kwenye shule yake mpya, darasa lisilo na madirisha, amevaa fulana ya njano na kijani chini ya sare kwa kuwa kwao ni Yanga tangu babu, na mwalimu amwonyeshe nafasi pekee iliyobaki kwenye dawati, kando ya mtoto ambaye daftari zake zote zimefunikwa kwa picha za mahasimu wao, Simba.